Watu wa Chuma, Mwisho wa Reli

Reli ya Kati ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914, miaka tisa baada ya kazi kuanza Dar es Salaam. Ni kilomita 1,252 za chuma kilichoyeyushwa Ujerumani, kikavushwa bahari na kulazwa juu ya mataruma hadi kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Nchi yenyewe haikuwa na viwanda vya chuma kama vya Pittsburgh au vya bonde la Ruhr, kwa hiyo mapambano ya wafanyakazi wa chuma hayakuanzia kwenye tanuri. Yalianzia kwenye magenge ya reli, kwenye karakana za injini na kwenye gati za meli. Kigoma, ambako reli inakoma na meli zinaanza, yote matatu yalikutana ndani ya ghuba moja.

Ufundi wa chuma haukuwa mgeni katika nchi hizi. Kusini mashariki mwa ziwa, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zenye kimo cha kumzidi mtu mrefu. Chuma cha Ulaya, kilichotoka viwandani kwa bei nafuu, ndicho kilichokuja kuzizima. Tofauti kati ya mfua chuma wa Ufipa na kibarua wa karakana ya reli haikuwa ya ujuzi peke yake. Wa kwanza alikuwa na tanuri lake na bei yake. Wa pili alikuwa na mikono na siku zake za kazi, na ujira ukapangwa na mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona.

Mabishano ya ujira nayo yalikuwepo kwenye njia hii kabla ya treni. Mzigo wa Ujiji ulikwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari ya miezi kadhaa. Wasafiri Burton na Speke waliofika Ujiji Februari 1858, na Stanley aliyemkuta Livingstone mwaka 1871, waliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi watoro, wavivu na wakaidi. Malalamiko hayo yakisomwa kwa utulivu yanaonyesha watu waliojua thamani ya kazi yao. Posho ikipunguzwa, mizigo ilitua. Msafara ukiwa porini, mwenye mali hakuwa na mtu mwingine wa kumbebesha, na nyampara alilijua hilo vizuri kuliko bwana mkubwa. Mahali pa kugomea palichaguliwa. Kanuni hiyo, kwamba mwenye kukaa pale ambapo mzigo hauwezi kupita bila yeye ana sauti, ndiyo iliyokuja kuwapa nguvu watu wa reli. Ndiyo pia iliyowafanya waogopwe na kila serikali iliyokuja.

Genge, karakana na meli ya ribiti

Reli ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann pamoja na wakandarasi wadogo, wakiwemo Wagiriki. Kazi ya jasho ilifanywa na vibarua wa Kiafrika, waliopasua miamba, wakajaza tuta na kubeba reli bega kwa bega. Utawala wa Kijerumani ulimruhusu mwajiri kumpeleka kibarua mkaidi au mtoro kwa afisa wa serikali ili achapwe. Viboko ishirini na vitano, maarufu kama hamsa ishirini, vilibaki katika kumbukumbu za watu muda mrefu baada ya Wajerumani kuondoka. Chama cha wafanyakazi hakikuwepo, wala hakingeruhusiwa. Silaha ya kibarua ilikuwa moja: kutoroka.

Ujenzi ulipomalizika, kazi haikuisha. Reli inalala juani, inapanuka mchana na kusinyaa usiku, mvua inakula tuta, kokoto zinahama chini ya mataruma. Kwa sababu hiyo njia iligawanywa vipande, na kila kipande kikapewa genge lake lenye kambi kando ya reli. Alfajiri watu wa genge hutoka na mtaimbo, sururu, koleo na nyundo, kwa miguu au juu ya kiberenge. Mnyapara huinamia reli na kuitazama kwa jicho moja ili aone kama imepinda. Palipobonyea, watu kadhaa huinua reli kwa mitaimbo huku wengine wakishindilia kokoto chini yake. Hatua kwa hatua wanakaza kilicholegea, wakihesabu mataruma. Treni ikipita salama hakuna anayewakumbuka. Ikianguka, wao ndio wa kwanza kuulizwa. Katika kazi zote za reli hii ndiyo iliyolipwa kidogo zaidi, na ndiyo iliyowatawanya watu kuliko zote: genge hapa, genge kule, na pori katikati.

Kigoma ilikuwa na kazi ya namna nyingine. Meli ya Graf von Goetzen ilitengenezwa Papenburg katika kiwanda cha Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliongoza kazi ya kuiunga upya ufukweni, na vibarua waliokusanywa hapo walifanya sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Bamba huunganishwa na bamba kwa ribiti. Mtu mmoja huchochea moto hadi ribiti iwe nyekundu, wa pili huikamata kwa koleo la mhunzi na kuitia tunduni, wa tatu huishikilia kwa nyuma kwa kipande kizito cha chuma, na wa nne huiponda kichwa kabla haijapoa. Ikipoa inasinyaa, inayavuta mabamba mawili mpaka maji yasipite. Kosa la mmoja kati ya wanne huonekana siku meli inapoguswa na maji. Goetzen ilishushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916 wakikimbia, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Majina ya mafundi watatu yamehifadhiwa katika kila simulizi ya meli hiyo. Ya wapondaji ribiti hayatajwi, na hilo si jambo dogo katika historia ya haki za kazi: asiyeandikwa hata jina ni vigumu kudai malipo.

Waingereza, Wabelgiji na kipande

Baada ya vita, Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, lakini Kigoma ilipata mabwana wawili. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo ya Congo na Ruanda-Urundi ipite, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Bidhaa za Katanga zilivushwa kutoka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, zikapakuliwa Kigoma na kupandishwa treni. Bandari ikahitaji makuli, na makuli waliitwa kwa siku: meli ikija kuna kazi, isipokuja hakuna.

Mwajiri wa bandari, hata hivyo, alikuwa na mshindani ambaye hakuweza kumfukuza, yaani ziwa. Katonga, Bangwe na Kibirizi ni mialo iliyo karibu na mji. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Mtu mwenye nafasi katika mtumbwi hakuwa na sababu ya kushinda juani akibeba magunia kwa ujira mdogo wakati wa giza la mwezi. Wakoloni waliliita jambo hilo uvivu. Ukweli ni kwamba mtu mwenye pa kwenda anaweza kukataa, na mwajiri wa kikoloni alihitaji watu wasioweza kukataa.

Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilikuwa jibu la tatizo hilo. Kuvunja mkataba wa kazi kulihesabiwa jinai, si mgogoro wa kawaida kati ya pande mbili. Mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kodi ilifanya kazi yake pia, kwa kuwa ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa mwajiri. Wengi waliajiriwa kwa kipande cha siku thelathini: kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulitoka alama zote zikitimia. Siku ambayo msimamizi hakuridhika nayo haikuandikwa. Kwa hiyo mwezi wa kazi ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi bila sheria yoyote kuvunjwa.

Reli iliyoleta bidhaa Kigoma ndiyo iliyobeba watu kwenda mbali. Kuanzia mwaka 1944 Ofisi ya Wafanyakazi wa Mkonge, SILABU, iliandikisha maelfu ya vijana kutoka nchi ya Waha, Kasulu na Kibondo, na kutoka ng'ambo ya mpaka, ikawapeleka mashamba ya Morogoro na Tanga. Hao ndio manamba. Kwa serikali, Kigoma ilikuwa ghala la nguvu kazi, na kwa mtazamo huo haikuwa na haja ya kuendelezwa sana: mkoa wenye kazi nyingi nyumbani haungetoa manamba. Athari ya mtazamo huo ilionekana mkoani kwa miongo mingi.

Mgomo unapanda treni

Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, lakini ilikaa kwenye karatasi. Waliowasha moto ni makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943 katikati ya vita, na tarehe 6 Septemba 1947 wakaanzisha mgomo ambao serikali haikuwa imeuona mfano wake. Bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda kuliko mishahara. Ndani ya siku chache wafanyakazi wa reli walijiunga, na mgomo ukafuata njia yao kwenda bara: Morogoro, Dodoma, Kongwa palipokuwa na mradi wa karanga, hadi Tabora.

Namna ulivyosafiri inaeleza mengi. Magenge yaliyotawanywa porini yaliunganishwa na kitu kilekile walichokitengeneza. Dereva, gadi na wachochea moto walilala leo Morogoro, kesho Dodoma. Walibeba habari pamoja na mizigo, na kila stesheni ilikuwa na simu na karani anayesoma. Reli ilijengwa ili pia iweze kupeleka askari upesi. Hakuna aliyefikiria kwamba habari za mgomo zingepita njia hiyohiyo bila tiketi.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, Mombasa ilisimama kwa siku 12. Makuli, watu wa reli na hata watumishi wa majumbani waligoma pamoja, na kiongozi aliyechomoza, Chege Kibachia, akapelekwa uhamishoni Baringo kabla mwaka haujaisha. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, waliokuwa wakiyeyusha shaba iliyopita Kigoma au njia za kusini, walikusanyika katika uwanja wa michezo wa Élisabethville kudai nyongeza. Askari waliwafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Habari za namna hiyo hazikuhitaji gazeti kuvuka ziwa.

Nchi zenye viwanda vya chuma zilipitia njia hiyohiyo kwa damu yao. Huko Homestead, Pennsylvania, tarehe 6 Julai 1892, kampuni ya Andrew Carnegie ilileta walinzi wa Pinkerton wapatao 300 kwa majahazi ya mtoni ili kuvunja mgomo. Watu waliuawa pande zote mbili na chama kikasambaratishwa. Viwanda vya chuma vya Marekani viliendelea na zamu ya saa kumi na mbili hadi mwaka 1923, na kampuni kubwa kuliko zote, U.S. Steel, haikukubali kuketi na chama hadi Machi 1937. Karibu miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Mei, polisi wa Chicago waliwaua waandamanaji kumi waliounga mkono mgomo katika kampuni nyingine iliyokataa kufuata mfano huo. Kutoka Homestead hadi mkataba wa 1937 ni miaka 45. Watu wa reli wa Tanganyika walikwenda kwa kasi kubwa zaidi, ingawa walichopata nacho kiliwaponyoka kwa kasi.

Siku 82

Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Nairobi. Mshahara wa mtu wa genge la Kigoma sasa uliamuliwa na meza iliyo nchi nyingine. Shirika lilikuwa na ngazi tatu za mishahara zilizofuata rangi ya ngozi: Wazungu juu, Waasia katikati kwenye vyeo kama stesheni masta, karani na fundi, Waafrika chini. Tume ya Lidbury ya 1954 ilipendekeza mgawanyo huo ufutwe, na ukafutwa kwenye maandishi. Lakini vyeo vya juu viliendelea kushikwa na walewale, pamoja na posho za ziada kwa walioletwa kutoka ng'ambo. Mwafrika aliyefundisha wageni kazi alibaki chini yao. Hili liliuma kuliko hata kiwango cha mshahara.

Mwaka 1955 Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa, Tom Mboya wa Kenya akiwa miongoni mwa walioshauri, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Watu wa reli wakawa na chama chao, Tanganyika Railway African Union, TRAU, na katibu wake mkuu akawa Christopher Kasanga Tumbo. Idadi ya wanachama wa vyama vyote nchini, iliyokuwa mamia tu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilifika takribani laki mbili mwaka 1961. TRAU hakikuwa kikubwa kuliko vyote, kwani mashamba ya mkonge yalikuwa na watu wengi zaidi. Kilikuwa na kitu ambacho mkonge haukuwa nacho: kikisimama, nchi inasimama.

Novemba 1959 watu wa reli wa Kenya waligoma. Mwisho wa Desemba wafanyakazi wa posta wa Tanganyika wakaanza mgomo uliodumu siku 55. Februari 1960 ikawa zamu ya TRAU. Madai yalikuwa mishahara na vyeo kupewa Waafrika. Mgomo ulidumu siku 82.

Kwa Dar es Salaam mgomo wa reli ni usumbufu. Kwa Kigoma ya mwaka 1960, isiyo na barabara ya lami kwenda Tabora, ulikuwa ni kufungiwa mlango. Chumvi ya Uvinza, mawese, na dagaa wakavu wa Katonga na Ujiji vilitegemea behewa kufika sokoni; sukari, saruji na mafuta vilitegemea behewa kufika mjini. Mizigo ya Congo na Burundi iliyoshuka melini nayo ilitegemea injini hizohizo. Waliogoma waliishi na majirani waliobeba hasara hiyo, na wao wenyewe hawakuwa na mshahara. Isitoshe, watu wengi wa reli waliishi kwenye kota za shirika. Kugoma kulimaanisha kumkatalia kazi mtu anayemiliki paa unalolalia. Miezi karibu mitatu katika hali hiyo ni jambo ambalo vitabu vya historia ya uhuru vinalipita haraka mno, pengine kwa sababu halikuongozwa na chama cha siasa.

Wakati wa mgomo huo chama cha TANU kilikuwa miezi michache tu kabla ya kuunda serikali. Uchaguzi ulifanyika Agosti 1960, Mwalimu Nyerere akawa Waziri Kiongozi Septemba, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Vyama vya wafanyakazi na TANU vilikuwa vimesaidiana. Mgomo wa kutokunywa bia wa mwaka 1958 uliunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam na kuitia hofu serikali ya kikoloni. Lakini 1960 ilionyesha kwamba chama cha reli kinaweza kusimamisha uchumi bila kuomba ruhusa ya mtu. Jambo lililomfurahisha mpigania uhuru lilianza kumkosesha usingizi waziri.

Chama kimoja, sauti moja

Mgogoro ulihamia ndani ya TFL yenyewe. Nyerere alishikilia kwamba vyama vya wafanyakazi na TANU ni viungo vya harakati moja. Ndani ya TFL, Michael Kamaliza alikubaliana naye. Tumbo na Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashambani walitaka vyama vibaki huru, na walitaka vyeo vipewe Waafrika haraka kuliko serikali ilivyokuwa tayari. Kila upande ulikuwa na hoja. Nchi changa ilikuwa na wafanyakazi wa mshahara wachache mno kulinganisha na wakulima, na mgomo mmoja wa reli ungeweza kuharibu mavuno ya watu ambao hawajawahi kuwa na mshahara. Kwa upande mwingine, haki ya kugoma inayotegemea hisani ya serikali si haki.

Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria za migogoro ya kazi zilizoifanya migomo halali iwe karibu haiwezekani. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, yuleyule katibu mkuu wa kwanza wa TFL. Tumbo aliteuliwa kuwa balozi London, akajiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani. Mkello alipelekwa uhamishoni Sumbawanga mwaka 1963. Kisha tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, na kesho yake wenzao wa Tabora. Uasi ulipozimwa, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wapatao 200 walikamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na waasi. Tumbo naye akawekwa kizuizini. TFL na vyama vyake vyote, TRAU kikiwemo, vilifutwa. Februari 1964 likaundwa shirika moja, NUTA, na Kamaliza akawa Katibu Mkuu huku akiwa pia Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akawa mdai na mdaiwa.

Si haki kusema wafanyakazi hawakupata kitu. Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilipandishwa hadi shilingi 150 kwa mwezi, malipo ya kuachishwa kazi yakawekewa sheria mwaka 1962, na mwaka 1964 ikaja sheria ya usalama wa ajira iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu ovyo, pamoja na mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kibarua wa kipande wa miaka ya 1930 angeviona vitu hivyo kama ndoto. Alichopoteza ni uwezo wa kusema hapana. Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa 1971, uliokemea viongozi wenye kiburi na dharau, uliposomwa kwenye redio, wafanyakazi waliuchukua kama ruhusa. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa viligoma, na wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kabisa na kukiendesha wenyewe kwa muda. Walidai heshima kuliko fedha. Wengi walifukuzwa kazi.

Madeni ya shirika lililokufa

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lake la reli likafa nayo. Injini, mabehewa na meli viligawanywa; Tanzania ikaunda Shirika la Reli, TRC, na meli za Ziwa Tanganyika zikawa chini yake hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Kilichogawanywa kwa shida ni deni kwa watu. Waliofanya kazi reli, bandari, posta na ndege za Jumuiya walidai mafao yao kwa miongo karibu mitatu, wakaandamana, wakazunguka mahakamani na ofisini. Hati ya makubaliano na serikali ilipatikana Septemba 2005, ikiwahusu zaidi ya watu 31,000, wengi wao wakiwa tayari ni wazee na baadhi wakiwakilishwa na warithi. Hata baada ya hapo mabishano juu ya hesabu yaliendelea. Mtu aliyegoma siku 82 akiwa kijana alisubiri miaka 28 akiwa mzee, safari hii bila chama chenye uwezo wa kusimamisha treni.

NUTA ilibadilika kuwa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Vyama vilipoachiwa tena kusimama kila kimoja kwa sekta yake katika miaka ya 1990, watu wa reli walipata TRAWU. Kilirithi kazi ngumu: shirika lilikuwa likipunguza watu na njia ikichakaa. Oktoba 2007 reli ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India yenye asilimia 51 ya hisa, serikali ikiwa na 49. Mwaka uliofuata wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, abiria wakakwama stesheni, na serikali ikalazimika kuingilia. Kufikia 2011 mwekezaji alikuwa ameondoka. Kwa mara nyingine mkoa uliosikia zaidi makali ya treni kutokuja ulikuwa Kigoma.

Sheria inayotawala leo ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inatambua haki ya kugoma, ila kwa utaratibu: mgogoro upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi upewe siku 30, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Huduma za maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege zimewekwa katika kundi la huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma. Reli haimo, isipokuwa pale usafiri unapohitajika kuendesha huduma hizo. Watumishi wa umma wana pia sheria yao ya majadiliano ya mwaka 2003, yenye masharti zaidi.

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishana, ulitiwa saini Desemba 2022 na kampuni mbili za China. Wanaojenga tuta hilo si wafanyakazi wa Shirika la Reli, ni waajiriwa wa wakandarasi, wengi kwa mikataba ya muda. Kazi ya ujenzi iko chini ya TAMICO, chama cha migodi, nishati na ujenzi. TRAWU kina watu wa reli yenyewe. Chama kinachopata wanachama zaidi ya nusu mahali pa kazi kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano na kinaweza kudai mkataba wa hali bora. Kwenye mradi wa ujenzi nusu hiyo ni ngumu kuifikia, kwa sababu waliojiandikisha mwezi huu wanaweza kuwa wameshamaliza kipande chao na kuondoka kabla meza ya majadiliano haijafunguliwa.